Upepo Umeshapita, Vumbi Tunalirusha Wenyewe

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba wachache mnaosoma kimyakimya, leo nimekuja na maneno makali kidogo, mnivumilie. Nitaandika vipande vipande maana nipo zamu na simu chaji kidogo, ila naomba mama mwenye mtoto chini ya miaka mitano asome hadi mwisho.

Msimu ndo huu. Mvua imekata tangu mwezi wa tano, majani yamekauka, barabara imekuwa unga. Kuanzia huku juu Ukata mpaka chini ziwani, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay, ukipiga upepo mmoja tu wa mchana unakuta meza nyeupe, sufuria nyeupe, kope za mtoto nyeupe. Wa ziwani mnaujua ule upepo wa kusini-mashariki ambao wavuvi wanauita mwera, unavyoingiza mchanga mpaka kwenye unga wa ugali.

Sasa sikilizeni. Upepo ukipita, mama wa nyumba anafanya nini? Anashika ufagio. Hapohapo. Tena anafagia kwa hasira, kavu, kuanzia chumbani mpaka sebuleni, na mtoto wa miezi minane yupo palepale kwenye mkeka anacheza na kifuniko cha sufuria. Baada ya dakika tano ukisimama mlangoni jua likiwa linaingia, unaona mwale wa jua umejaa vumbi linaelea kama moshi. Mama anaona nyumba imekuwa safi. Mimi naona vumbi limetoka sakafuni limehamia kifuani kwa mtoto.

Upepo ulidumu nusu saa, na mtoto uliwahi kumwingiza ndani. Ufagio mkavu unapita asubuhi na jioni, siku saba za wiki, miezi mitano ya kiangazi, na mtoto hana pa kukimbilia.

Nasema wazi: WEKA CHINI HUO UFAGIO MKAVU. Na kabla hujasema nesi anawatukana akina mama, subiri. Wa kulaumiwa wapo wengi na mama ni wa mwisho kwenye foleni. Nitawafikia mmoja mmoja.

SEHEMU YA 2

Vumbi si kitu kimoja. Zile chembe kubwa unazoziona zinang'aa kwenye jua, nyingi pua inazishika, mtoto anapiga chafya, kamasi linatoka jeusi, basi. Zinazonitisha ni ndogo ambazo huzioni. Chembe iliyo ndogo kuliko sehemu ya kumi ya unene wa unywele wako inapita pua, inapita koo, inashuka kwenye mirija ya hewa. Zilizo ndogo zaidi zinafika mpaka kwenye vile vifuko vya mapafu vinavyopokea hewa. Na hizi ndogo haziangukii chini upesi. Ukimaliza kufagia, zile kubwa zinatua mapema, ndogo zinabaki juu kwa saa kadhaa. Wewe umeshaenda shamba, mtoto na dada yake wamebaki ndani wanazivuta.

Halafu angalia mtoto mwenyewe. Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kichanga anavuta 30 mpaka 60. Kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko wewe. Mirija yake ni membamba, kiuvimbe kidogo tu ambacho kwako ni kikohozi cha kawaida, kwake kinaziba njia. Na pua yake iko wapi? Iko chini, kiganja kimoja kutoka sakafuni, na kila akitambaa anatimua vumbi lake mwenyewe. Wenzetu wa Finland na Marekani walitengeneza mpaka roboti la mtoto anayetambaa, wakalitambaza kwenye mazulia wapime hewa ya pale chini. Wakaona mtoto anatambaa ndani ya kiwingu cha vumbi anachokitimua mwenyewe. Sisi wa huku hatuhitaji roboti, tunao watoto wenyewe.

Na lile vumbi la ndani, jamani, msifikiri ni udongo mtupu. Kuna masizi ya jikoni, kinyesi cha kuku wanaolala humo humo, maganda ya maharage yaliyopurwa mlangoni, makapi ya kahawa, magamba ya usipa kwa wale wa ziwani, makohozi yaliyokauka ya mgeni aliyetema pembeni. Mayai ya minyoo nayo yamo, mtoto anayapata akiweka mkono mdomoni. Udongo wa barabarani ni sehemu yake tu.

Tarehe 5 Mei 2022 ilipiga dhoruba ya vumbi Iraki. Siku ile moja zaidi ya watu 5,000 walikwenda hospitali kwa kubanwa kifua, na mtu mmoja alifariki. Ni kweli, dhoruba zao si za kwetu, kule anga zima linakuwa la rangi ya chungwa. Ila kule upepo wa vumbi unahesabiwa kama dharura, serikali inatangaza watu wakae ndani. Huku kwetu ni utani. "Ah, vumbi tu."

SEHEMU YA 3

Najua mtakachonijibu, maana nakisikia kliniki kila Jumatano.

"Sisi tulikulia kwenye vumbi hilohilo na tupo." Bibi yangu, shikamoo. Mpo ninyi mliobaki. Muulize bibi huyohuyo alizaa wangapi na amebaki na wangapi. Atakuhesabia kwa vidole, na kwenye vile vidole vilivyokunjwa atakwambia: huyu kichomi, huyu kichomi, huyu alikohoa siku tatu tu. Wafu hawaji kwenye kikao kutoa ushahidi kwamba vumbi halina neno.

"Uchafu unajenga kinga." Hili linatoka kwa vijana waliosoma, wamelitoa kwenye intaneti. Lina ukweli kidogo, nisiwe mbishi. Ulaya waligundua watoto wanaokulia kwenye mashamba yenye ng'ombe wanapata pumu na mzio kidogo kuliko wa mjini. Wanaosema hivyo wanazungumzia vijidudu vya zizi na mtoto anayecheza nje kwenye hewa. Hakuna daktari hata mmoja aliyesema mfungie mtoto kwenye chumba cha hatua tatu kwa tatu chenye dirisha la kitabu halafu umfagilie vumbi na masizi usoni. Acheze nje kwenye udongo, achafuke, ale kwa mikono iliyonawa. Hilo sina ugomvi nalo.

"Ni baridi, si vumbi." Huku milimani mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, sikatai. Baridi peke yake haileti nimonia, nimonia inaletwa na vijidudu. Ila angalia baridi inatufanyia nini: tunafunga dirisha, tunaziba matundu kwa viroba, tunaingiza jiko la mkaa, watu sita chumba kimoja na mmoja anakohoa. Moshi na vumbi vinachubua mirija ya mtoto, vijidudu vinakuta mlango uko wazi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hao ni watoto chini ya miaka mitano. Huo ni moshi tu, vumbi sijalihesabu. (Na jiko la mkaa chumbani usiku wakati wa kulala, HAPANA kabisa. Linaua kimya, kwa sumu isiyo na harufu. Siku nyingine nitaliandikia peke yake.)

SEHEMU YA 4

Sasa tufanye nini, maana kukosoa ni rahisi.

Upepo ukianza, ingiza mtoto, funga madirisha ya upande unaotoka upepo. Funika ndoo ya maji ya kunywa, funika chakula, kunja matandiko au yafunike kwa khanga moja kubwa. Hiyo khanga ndo itakayobeba vumbi, utaikung'uta nje na kitanda kitabaki salama.

Upepo ukiisha, usikimbilie ufagio. Toa mtoto nje kwanza, upande ambao hauna barabara, akae na mkubwa wake chini ya mti. Fungua milango na madirisha pande zote mbili hewa ipite. Subiri. Kunywa chai. Nazungumza kweli, kaa unywe chai, vumbi likitua ndo linashikika.

Halafu chukua tambara lililoloa na kukamuliwa. Anza juu: kabati, meza, fremu za dirisha, kichwa cha kitanda. Shuka chini. Ukianza chini ukamalizia juu umefanya kazi bure. Usitumie tambara kavu, wala lile fagio la manyoya, hivyo vinahamisha tu.

Sakafu ya saruji, piga deki. Huna maji ya kutosha? Najua maji yanatoka wapi, nimebeba ndoo mimi. Lita tano zinatosha vyumba viwili ukitumia tambara na si kumwaga. Maji uliyosuuzia vyombo mara ya mwisho yanafaa. Sakafu ya udongo, nyunyiza maji kwa vidole mpaka udongo ubadilike rangi kidogo bila kuwa tope, subiri, kisha fagia taratibu, ufagio ukikaa chini, usiurushe. Fagia kuelekea mlangoni, zoa kwa kizoleo, katupe mbali. Usilisukumie nje ya kizingiti tu, maana jioni linarudi na miguu ya watu.

Wewe mwenyewe funga khanga puani. Mtoto chini ya miaka miwili usimvalishe barakoa wala kumfunika uso kwa nguo nzito ukidhani unamkinga, anaweza kukosa hewa. Kinga yake ni kutokuwepo ndani wakati unafagia. Mrudishe baada ya saa moja hivi, mnawishe uso na mikono kabla hajanyonya au kula.

Na jioni ya siku hiyo usifagie tena kwa sababu tu shemeji anakuja.

SEHEMU YA 5

Hapa nitawagusa.

Chandarua. Tumewafundisha mtoto alale kwenye chandarua, mmetii, asanteni sana. Lakini chandarua kinakaa juu ya kitanda kiangazi chote kinakusanya vumbi, na kila jioni mama anakishusha kwa kukipiga. Puu! Lote usoni kwa mtoto aliyeshalazwa. Kishushe kabla mtoto hajapanda kitandani, na mchana kikunje. Kikichafuka kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida, kianike kivulini, jua kali linaua dawa yake. Usikifue kila wiki, hata mara moja kwa miezi mitatu inatosha. Ila msinisikie vibaya mkaenda kukivua. Malaria haijaondoka, mtoto alale ndani ya chandarua.

Kapeti na sofa. Ile kapeti mnayolipia kidogokidogo kwa mmachinga wa Mbinga mjini ni ghala la vumbi. Mtoto anayebanwa kifua chumba chake kiwe hakina kapeti, hakina rundo la nguo nyuma ya mlango, wala magunia ya mahindi na kahawa. Kulala na kahawa chumbani kwa kuogopa wezi naelewa. Basi mtoto ahamishwe chumba, kahawa ibaki.

Poda! Hivi kweli mwanamke anapambana na vumbi siku nzima, jioni anamwogesha mwanae halafu anammwagia poda shingoni na kifuani mpaka mtoto anapiga chafya? Hilo ni vumbi la kununua dukani. Mtoto mchanga hahitaji poda hata kidogo. Kumnukisha si kumtunza.

Na wale wanaotonea mafuta ya kula puani mtoto akibanwa mafua, acheni leo hii. Mafuta yale yanashuka kwenye mapafu na hayatoki. Pua ikiziba, chovya kona ya kitambaa laini kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo sana, safisha. Zile dawa za kuchua zenye harufu kali si za mtoto chini ya miaka miwili. Asali kwa kikohozi inasaidia, lakini mtoto awe amevuka mwaka mmoja, chini ya hapo ni hatari. Aliye chini ya miezi sita dawa yake ni ziwa la mama, mara nyingi zaidi ya kawaida.

SEHEMU YA 6

Hii sehemu ndo iliyonifanya niandike.

Mtoto anakohoa wiki nzima. Kila asubuhi nyumba inafagiwa kavu, kila asubuhi anakohoa. Mama anampeleka dukani, anapewa dawa ya maji nyekundu. Anakohoa. Anapewa nusu ya dozi ya vidonge vya jirani. Anakohoa. Ndipo anatokea mtu, mara nyingi mtu mzima anayeheshimika, anasema: "Huyu ana kimeo. Kimeo kimekuwa kirefu, kinamkuna. Akakatwe."

Na mtoto anapelekwa kukatwa.

Jamani. Kimeo ni kiungo, Mungu amekiweka pale nyuma ya koo kwa kila mtu, wewe unacho na mimi ninacho. Koo likiwashwa na vumbi au likivimba kwa mafua, kimeo nacho kinavimba na kuonekana kirefu. Kinavimba kwa sababu koo linaumwa, si kwamba kikohozi kimeletwa na kimeo. Kukikata ni sawa na kuvunja kengele kwa sababu imelia ukiungua moto.

Mnajua kinachotokea baada ya kukata? Damu. Mtoto wa mwaka mmoja hana damu nyingi, kikombe kimoja cha chai kikimwagika ni sehemu kubwa ya damu yake, na mara nyingi anaimeza, hamuioni, mnaona tu anapauka na kulegea. Kisu kilekile kimepita kwenye makoo mangapi? Kuna pepopunda, kuna VVU, kuna homa ya ini, kuna usaha unaoziba koo. Kidonda kile mtoto hawezi kunyonya, hawezi kumeza. Na kikohozi? Kinarudi, kwa sababu kesho yake asubuhi mama ameamka amefagia.

Ninawasema wakataji hadharani na sitaomba radhi. Unachukua hela ya mama maskini, unamkata mwanae kiungo kizima, unamrudisha kwenye vumbi lilelile lililomuumiza. Ukiona mtoto anakohoa mwulize mama maswali matatu tu: analala wapi, jiko liko wapi, mnafagia vipi. Hayo maswali hayana malipo, ndo maana huyaulizi.

Na upande wetu wenye sare nyeupe, sitaficha. Mama akifika na mtoto anayekohoa, akajibiwa kwa ukali kwamba amechelewa au mtoto ni mchafu, kesho haji. Anakwenda kwa mkataji anayempokea kwa "karibu mwanangu, pole." Tunawapoteza kwa midomo yetu. Hata maswali hayohayo matatu, wangapi kati yetu tunayauliza kabla ya kuandika dawa?

SEHEMU YA 7

Sasa akina baba, mliosoma kimya, tokeni nje.

Mama anaambiwa mchafu kwa sababu ya sakafu asiyoijenga yeye. Sakafu ya udongo uliolegea inazalisha vumbi kila mtu akipita. Huwezi kuimaliza kwa ufagio, ukifagia unaikwangua, kesho kuna vumbi jipya. Yule mwanamke anafagia nyumba yake mpaka inapungua unene, na bado mnamwambia hajui usafi.

Hela ya kahawa ikitoka nimeona vinavyonunuliwa. Pikipiki imelazwa sebuleni isiibiwe, inadondosha vumbi la barabara nzima, na sebule yenyewe haina saruji. Spika kubwa ya muziki. Bati jipya la rangi, mtu apite barabarani aone. Sakafu haionekani na mpita njia, ndo kosa lake.

Fanyeni chumba kimoja. Si nyumba nzima, chumba anacholala mtoto. Chumba cha mita tatu kwa tatu, udongo ukishindiliwa vizuri na mawe ya kwetu yakapangwa chini, saruji ni kama mifuko mitatu minne hivi, na fundi ni siku mbili. Mchanga wa ziwani na mtoni mnaujua wenyewe.

Mexico walifanya hivi kwa mpango wa serikali, wakawamwagia saruji watu maskini waliokuwa na sakafu za udongo. Watafiti walipofuatilia wakakuta minyoo kwa watoto imepungua kwa 78 kwa mia, kuhara kwa 49 kwa mia, upungufu wa damu kwa 81 kwa mia, na watoto wakawa wanafanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Na akina mama walikuwa na furaha zaidi, hilo nalo lilipimwa. Sakafu tu!

Asiye na hela ya saruji bado ana njia. Rwanda wapo wanaotengeneza sakafu za udongo zilizoshindiliwa kisawasawa kisha zikapakwa mafuta maalum yanayokauka na kuwa magumu, unapiga deki kama saruji. Yale mafuta huku si rahisi kuyapata, ila kushindilia hakuhitaji Rwanda. Changanya udongo wa mfinyanzi na mchanga, loanisha, shindilia mpaka mguu usiache alama, kisha siriba kwa udongo mwepesi. Kila wiki mbili tatu siriba tena pale panapobanduka. Bibi zetu walijua kusiriba, ni sisi tumeacha tunasubiri siku tutakayojenga ya kisasa. Ila kinyesi kibichi cha ng'ombe kisiwe kwenye chumba cha mtoto anayetambaa.

Kuku walale kwao. Banda ni fito na nusu siku ya kazi, baba.

SEHEMU YA 8

Fupi tu. Kuna vumbi ambalo hata mama akipiga deki mara kumi halitaisha, la barabara. Malori yanapita, ya kahawa, ya mbao, ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, yanapita mbio katikati ya vijiji, na nyumba zetu ziko hatua kumi kutoka barabarani. Sina ugomvi na biashara, watoto wetu wanakula humo. Lakini anayechimba au kukarabati barabara anaweza kumwagia maji kwa boza asubuhi na mchana, na dereva anaweza kupunguza mwendo penye nyumba na shule. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa kila miezi mitatu. Nendeni akina mama, msikae nyuma mnanong'ona, simameni muulize: boza liko wapi? Matuta yako wapi? Liandikwe kwenye muhtasari. Na pandeni miti au hata uzio wa majani kati ya nyumba na barabara, vumbi jingi linaishia pale.

Na shuleni. Walimu wangu nawaheshimu. Watoto wanafagia darasa kavu saa moja asubuhi, arobaini wamo ndani, kisha wanakaa kusoma kwenye kile kiwingu. Maji ya kunyunyiza kidumu kimoja yanatosha. Na mtoto mwenye pumu apewe kufuta ubao kwa tambara bichi au kumwagilia miche, asipewe ufagio, asichekwe kwamba anakwepa kazi. Mzazi, kaandike barua shuleni, usimwachie mtoto ajieleze mwenyewe.

SEHEMU YA 9, YA MWISHO

Wengi mnaniuliza inbox: nitajuaje hiki ni kikohozi cha vumbi cha kupita au ni nimonia?

Huhitaji mashine. Unahitaji saa, hata ya simu, na mtoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi. Mfunue kifua. Hesabu tumbo na kifua vinavyopanda, kila kupanda ni moja, kwa DAKIKA NZIMA. Si nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto wanahema bila mpangilio.

Mtoto chini ya miezi miwili: 60 au zaidi ni hatari, hesabu tena, ikirudia njoo mara moja.
Miezi miwili mpaka kabla ya mwaka: 50 au zaidi.
Mwaka mmoja mpaka kabla ya mitano: 40 au zaidi.

Andika namba hizo nyuma ya kadi ya kliniki.

Usihesabu kabisa, beba mtoto uje, ukiona: sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au haamki vizuri, midomo au ulimi umekuwa wa bluu, anakoroma au kutoa sauti akivuta pumzi naye ametulia. Kichanga chini ya miezi miwili akiwa na homa, au mwili ukiwa wa baridi, usisubiri kikohozi.

Kikohozi kilichopita wiki mbili, hata kama unajua nyumba ina vumbi, mlete apimwe kifua kikuu, hasa kama hapandi uzito au kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa. Anayebanwa na kutoa mlio wa filimbi kila kiangazi huenda ana pumu. Pumu ina dawa ya kuvuta, haimfanyi mtoto kuwa teja wa dawa kama wanavyosema mtaani.

Nimonia ikiwahiwa inatibika kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji, hata zahanati vipo kwenye mwongozo wa matibabu. Umalize dozi hata akichangamka siku ya pili. Sera ya nchi inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, ukidaiwa uliza kwa upole upewe maelezo. Na angalia kadi: chanjo ya nimonia ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama moja imerukwa, njoo nayo, hatutakufukuza.

Baba, ikiwa ni saa nane usiku na mtoto kifua kinabonyea, usiseme tusubiri kupambazuke. Ile pikipiki iliyolala sebuleni iwashe. Mama akae nyuma na mtoto kifuani, amfunike kwa khanga nyepesi, pua iwe wazi, uendeshe taratibu, usilifuate lori kwa karibu. Mtakuta taa inawaka.